Plagi ya Gerejini

Alhamisi ile, saa tisa alasiri, Wesley Meekis aliporudi kutoka kazini aliikuta barafu imetoka chini ya mlango wa gereji, nene na ya kijivu, imelala uani kama ulimi wa mnyama aliyechoka.

Alisimama akaitazama, pumzi zake zikimfuka usoni. Ilikuwa siku ya nne mji wa Thunder Bay umebanwa na baridi ya digrii thelathini na sita chini ya sifuri, ile baridi ambayo mtu akivuta pumzi kwa pupa anakohoa. Wesley alikuwa dereva wa greda la kusukuma theluji. Tangu alfajiri alikuwa barabarani, na alichokitaka kwa wakati ule ni bakuli la supu na soksi kavu. Lakini barafu haiji bila maji, na maji ya gereji ile yalikuwa na mwenyewe.

Mwenyewe alikuwa Bibi Impi Lehtola, mjane wa miaka themanini na moja, mwenye nyumba wao. Yeye alikaa ghorofa ya juu. Wesley, mkewe Janelle na watoto wao watatu walikaa chini. Gereji ilikuwa nyuma ya nyumba, ya mbao tupu. Mbele palikuwa pa gari, katikati umesimama mtambo ambao bibi alifumia mazulia ya vitambaa, na mwisho kabisa, kwenye chumba chenye mlango wake, ndiyo sauna, bafu la mvuke, aliyoijenga marehemu mumewe. Wazee wa Kifini wa mji ule wanaweza kumsamehe mtu asiye na sebule, lakini asiye na sauna humwonea huruma. Bomba la kupeleka maji huko lilitoka nyumbani, likapita ukutani mwa gereji, na kila majira ya baridi lilizungushiwa waya wa umeme wa kulipasha joto lisigande. Plagi ya waya huo ilichomekwa kwenye soketi kando ya mlango mdogo.

Bibi Impi hakuwapo. Jumapili alisafiri kwenda Sudbury kumjulia hali dada yake aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga.

Wesley akafungua mlango mdogo. Sakafu nzima ilikuwa kioo. Miguu ya mtambo wa kufumia ilikuwa imezama kwenye barafu hadi vifundoni, na maji bado yalikuwa yakitambaa polepole kutoka chini ya mlango wa sauna. Alikimbilia stoo ya chini ya nyumba akafunga koki, akarudi gerejini na tochi akajaribu kuufungua mlango wa sauna. Ulikuwa umegandia, haukutikisika. Alipogeuka kutoka, mwanga wa tochi ukaangukia soketi.

Plagi ilikuwa inaning'inia nje.

Alikumbuka yote kwa mara moja. Alfajiri ile gari lake lilikataa kuwaka. Magari ya huko yana hita ya injini inayochomekwa kwenye umeme, na soketi aliyokuwa akiitumia yeye, ya ukutani mwa nyumba, ilikuwa imekufa tangu jana yake. Akaja gerejini gizani, akapapasa ukutani, akachomoa plagi ya bibi akachomeka ya kwake. Saa moja baadaye gari likakubali. Akatoa waya wake mbiombio, akaondoka, asiirudishe plagi ya watu.

Kabla hamjamhukumu, mjue ile nyumba aliipataje. Wesley na Janelle walitoka Sandy Lake, kaskazini, kusikofikika ila kwa ndege au kwa barabara ya barafu, wakaja mjini kwa sababu masikio ya mtoto wao wa pili yalihitaji daktari kila mwezi. Walitafuta nyumba miezi saba. Kwenye simu sauti zilikuwa tamu hadi alipotaja jina lake, ambalo kila mtu mjini alijua ni la wenyeji wa asili. "Aa, Meekis? Samahani bwana, imeshachukuliwa." Wiki mbili baadaye tangazo lile lile lipo. Bibi Impi peke yake ndiye aliyewatazama watoto mmoja mmoja, akauliza, "Hawa wanakula samaki?" Janelle akasema wanakula mpaka vichwa. Bibi akatoa ufunguo.

Basi Wesley akiwa amesimama juu ya barafu ile, mkono ulifanya kabla akili haijaulizwa. Ukaichukua plagi, ukaichomeka mahali pake. Taa nyekundu ndogo ya waya ikawaka.

Jioni akamwambia Janelle kwamba bomba la gereji limepasuka. Habari ya plagi hakuigusa. Akampigia simu Raimo, mtoto wa pekee wa Bibi Impi, ambaye alikuwa na duka la matairi upande wa pili wa mji.

Raimo akaja Ijumaa, mtu mnene mwenye masharubu yaliyoganda, akazunguka gereji akiguna. Mafundi bomba wa mji mzima walikuwa wameshikwa. Wa kwao angepatikana Jumatatu.

"Ulimwacha nani aingie humu?" alimuuliza Wesley.

"Hakuna, bwana. Labda watoto, wakifuata sleji yao ya kutelezea."

"Labda watoto," Raimo akarudia, kwa sauti ambayo Wesley alikuwa ameshaisikia kwenye simu nyingi. Kisha akainama kwenye soketi. "Plagi ipo. Taa inawaka. Basi waya ndio mbovu. Nani aliufunga?"

Jibu lilipatikana Jumamosi, Bibi Impi aliporudi. Waya ule ulifungwa mwezi wa kumi na mzee Toivo Hakala, jirani wa ng'ambo ya barabara, fundi umeme mstaafu wa kiwanda cha karatasi, mwenye miaka sabini na tisa. Aliufunga bure, kwa ujirani. Raimo akamwita. Mzee akavuka barabara ameshika kofia yake ya manyoya mkononi, masikio yamemwiva kwa baridi, akasimama jikoni kwa Bibi Impi kama mwanafunzi aliyechelewa. Wesley naye alikuwapo, ameitwa aeleze alivyokuta.

"Mzee Toivo," Raimo alianza, "tunakuheshimu. Lakini mikono yako inatetemeka. Umri huo bado unashika umeme wa watu? Ona sasa. Gereji ya mama imekuwa uwanja wa kuchezea magongo ya barafuni."

"Niliupima," Toivo alisema. "Niliupima mara mbili."

"Ulipima kwa miwani ipi?"

"Raimo!" mama yake akamkemea.

"Mama, lazima mtu aseme. Bima watauliza kosa la nani."

Toivo alitazama mikono yake, wa kulia kisha wa kushoto, kama anayeiuliza. Bibi Impi akammiminia kahawa na kumsogezea mkate wa hiliki. Mzee akatikisa kichwa, akavaa kofia, akatoka.

"Toivo kukataa kahawa!" Bibi Impi alisema mlango ulipofungwa. "Siku tunamzika mkewe alikunywa vikombe vitatu."

Wesley alikuwa amesimama kando ya friji. Alijua kwamba neno moja tu lingemrudisha yule mzee mezani, na neno lenyewe lilikuwa kwake. Hakulisema. Alishuka chini akawaambia watoto wasipige kelele, na wao hawakuwa wanapiga.

Jumapili asubuhi mlango ukabishwa. Alikuwa Toivo, amebeba sanduku la chuma la vifaa kwa mikono miwili.

"Chukua," alisema. "Koleo, bisibisi, kipimo cha umeme, vyote vizima. Wewe bado kijana, vitakufaa."

"Mzee, mimi siwezi kuchukua..."

"Nimekaa na umeme miaka hamsini na tano sikuunguza hata kibanda cha mbwa. Ni vizuri mtu aache kabla hajaua watu." Alijaribu kucheka, kicheko hakikuja. "Haya, shika, ni zito."

Akaliweka sanduku mikononi mwa Wesley akageuka. Alishuka ngazi moja moja, ameshikilia ukuta.

Janelle alitoka chumbani akamkuta mumewe amesimama mlangoni wazi, baridi yote inaingia, sanduku kifuani.

"We! Unapasha joto mtaa mzima? Funga mlango. Hilo nini?"

"Janelle," alisema, "ni mimi."

"Wewe nini?"

Akamwambia. Akaanza na gari lililokataa kuwaka, akamaliza na taa nyekundu. Janelle alisikiliza amejishika kiuno, na alipomaliza hakupiga kelele. Wesley angependa apige.

"Siku tatu," alisema. "Umelala kitandani na mimi siku tatu na jambo hili tumboni. Na yule mzee?"

"Niliogopa watatutoa."

"Na mimi ningeogopa. Tungeogopa wawili. Sasa umeogopa peke yako, ukaogopa vibaya." Alimpokea sanduku, akaliweka chini. "Panda juu. Sasa hivi, kabla hujaanza kufikiri. Mimi namfuata mzee Toivo."

Ndivyo ilivyokuwa kwamba saa nne asubuhi ile watu watano walikaa kuzunguka meza ya Bibi Impi: bibi mwenyewe, Raimo aliyekuwa amekuja na mkate, Toivo aliyevutwa na Janelle karibu kwa nguvu, Janelle mwenyewe, na Wesley, ambaye hakukaa hasa bali aliegemea ncha ya kiti.

"Plagi niliichomoa mimi," alisema. "Alhamisi alfajiri, nipashe gari langu. Nikasahau kuirudisha. Nilipokuta maji, nikairudisha ili isijulikane. Waya wa mzee Toivo hauna kosa. Mzee, nisamehe. Nilikuona jana umesimama pale, nikanyamaza."

Kisha Raimo akapiga meza kwa kiganja.

"Si niliwaambia! Mama, si nilikwambia tangu mwanzo? Mpangaji ni mpangaji. Haya, andika hapa kwenye karatasi kwamba umekubali hasara ni yako, weka sahihi, na mwisho wa mwezi..."

"Raimo, kula mkate," Bibi Impi alisema.

"Mama!"

"Kula mkate. Hakuna atakayeweka sahihi mpaka fundi aone bomba. Hata ule mlango wa sauna bado haujafunguliwa. Umemlaumu Toivo kabla ya kuona, sasa unamlaumu huyu kabla ya kuona. Kesho utamlaumu paka."

Toivo alikuwa anamtazama Wesley kwa macho yake ya rangi ya maji, na polepole mabega yake yakawa yanainuka, kama mtu aliyetua gunia.

"Kwa hiyo waya unafanya kazi," alisema.

"Unafanya kazi, mzee. Ukiugusa ni wa moto."

"Nilijua," akasema Toivo. "Nilijua niliupima." Akavuta kikombe karibu. "Impi, hiyo kahawa imebaki?"

Kuhusu msamaha hakutamka lolote. Ila alipokuwa anaondoka alimpita Wesley akamgonga begani na kofia, mara moja, si kwa nguvu.

Wesley alilala siku ile kuanzia saa saba mchana, na viatu miguuni. Hakuwa amesamehewa na kila mtu, nyumba ilikuwa bado hatarini, na Raimo alikuwa ameondoka na karatasi yake mfukoni. Lakini kifua kilikuwa kimefunguka. Watoto walimrukaruka juu ya kochi, hakusikia.

Jumatatu fundi akaja. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mabega mapana, Ghislaine Thivierge, mzaliwa wa Hearst, aliyezungumza na mabomba zaidi kuliko na watu. Alikuwa na hita ya gesi yenye kunguruma na shoka dogo. Akauyeyusha mlango wa sauna pole pole, wote watano wamejipanga nyuma yake kwa makoti mazito kama watu wanaosubiri jeneza litolewe.

Mlango ulipofunguka, Ghislaine akapiga mluzi.

"Oo, mrembo wangu. Wamekufanya nini?"

Barafu ndani ya sauna ilikuwa imepanda hadi kwenye benchi la chini. Ilikuwa ya matabaka, jeupe, la kijivu, jeupe tena. Jiko la mawe lilikuwa limevaa shuka la barafu. Na juu, kwenye benchi la wageni, ilikuwapo theluji, laini, safi, iliyokaa kimya kama mtu anayeoga.

"Theluji ndani ya nyumba," alisema Raimo. "Imeingiaje?"

Ghislaine alinyoosha tochi ukutani, karibu na dari. Palikuwa na kidirisha kidogo cha kupitishia hewa. Kilikuwa wazi, kimefunguka kabisa.

Alipanda juu ya benchi, akabandua ubao mmoja chini ya kidirisha, akalichungulia bomba.

"Huyu hapa. Amepasuka urefu wa kiganja changu." Akashuka, akavua glavu moja, akafuata bomba kwa vidole hadi upande wa gereji. "Na huku kwenye waya, hapana kitu. Bomba zima. Kazi safi hii. Nani alifunga?"

"Mimi," alisema Toivo, haraka.

"Hongera, babu. Vijana ninaofanya nao kazi hufunga kama wanafunga viatu."

Wesley alisogea. "Lakini fundi, plagi niliichomoa mimi. Alhamisi."

"Alhamisi?" Ghislaine alimtazama, kisha akatazama barafu. "Kaka, hii barafu haikuanza Alhamisi. Hesabu matabaka. Maji yalikuwa yanakwenda kwenye tundu la sakafu, tundu likaganda, ndipo yakaanza kujaa, yakajaa, mwishowe yakavuka kizingiti. Huyu alipasuka Jumatatu usiku au Jumanne. Waya haufiki huku ndani, kwa hiyo ungechomeka, ungechomoa, ungemwimbia, angepasuka tu."

"Jumanne!" Janelle aliruka. "Jumanne bafuni maji yalikuwa yanatoka kama machozi. Nikamwambia mwanangu Kayla aache kukaa humo saa nzima anamaliza maji. Jamani, nilimgombeza mtoto bure!"

Wesley alishika fremu ya mlango. Akachuchumaa pale pale juu ya barafu, akafunika uso. Janelle akadhani analia. Alikuwa anacheka, kicheko kisicho na sauti, kinachotikisa mgongo tu.

"Basi swali ni moja," alisema Raimo. "Kidirisha nani alikiacha wazi?"

Kisha Bibi Impi, aliyekuwa nyuma ya wote, akasema kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake:

"Mimi."

Wakageuka. Alikuwa ameshika ukingo wa mtambo wake wa kufumia.

"Jumapili nilioga kabla ya safari. Nikafungua dirisha mbao zikauke. Huwa nalifunga baada ya nusu saa. Safari hii..." Akaukamata mtambo kwa mkono wa pili. "Sasa mtasema bibi amepotewa na akili. Raimo, nakujua. Zile karatasi za nyumba ya wazee ulizoacha kwenye droo nimeziona."

Masharubu ya Raimo yalikuwa yameganda tena. Alimtazama mama yake, mwanamke mfupi ndani ya koti la marehemu mumewe, na kitu fulani kikapita usoni pake, aibu kwanza, halafu kingine.

"Jumapili," alisema, "nani alikupeleka stesheni ya basi?"

"Wewe."

"Nilipiga honi mara ngapi?"

Bibi akafikiri. "Mara nne. Ya nne ulikandamiza mpaka mbwa wa Toivo akabweka."

"Kwa honi zile hata mimi ningesahau kuvaa suruali." Akakohoa. "Karatasi za kwenye droo nitazichukua, mama. Nitawashia jiko."

Bibi Impi akamtazama ili ajue kama ni mzaha. Alipoona si mzaha, alitoa pumzi ndefu, wingu jeupe likapanda hadi kwenye mbao za paa, na machozi yakamtoka yakaanza kuganda mashavuni, Janelle akawa anamfuta kwa skafu ya sufu huku wote wawili wakicheka.

"Wesley, inuka hapo utaganda makalio," alisema Raimo, akampa mkono kumvuta. Alipomwinua hakuuachia mkono mara moja. "Nilikuwa nimeshaandika notisi ya kuwatoa. Iko kwenye gari. Si vizuri, najua."

"Hata mimi nilirudisha plagi," alisema Wesley. "Si vizuri, najua."

"Basi."

Bibi Impi mwenyewe ndiye aliyewapigia simu watu wa bima, akakataa Raimo amsemee. Aliwaambia dirisha aliliacha wazi yeye, ana miaka themanini na moja, na kama wana fomu ya hilo wailete. Walikuwa nayo. Sakafu na ukuta walikubali kutengeneza. Zulia lililokuwa mtamboni lilikauka jikoni kwake siku tatu likawa halina kasoro ila harufu ya mbwa. Mapatano ya nyumba yaliongezwa mistari miwili kwa mwandiko wa bibi: dirisha la sauna ni lake, plagi ya waya asiiguse mtu. Wesley akanunua soketi mpya ya nje kwa ajili ya gari, na Toivo akaja kuifunga. Alikuja mikono mitupu, akasimama mlangoni.

"Sanduku langu liko wapi?"

"Chini ya meza, mzee. Hatukuligusa."

"Vizuri. Maana kuna bisibisi moja humo niliiazima kiwandani mwaka wa sabini na nne. Sitaki ikutwe kwako."

Jioni ile Janelle alipika nyama ya paa mkubwa wa msituni aliyoletewa kutoka kwao, na viazi. Watoto walipokwisha kulala walibaki wawili mezani, baridi ikitatarika ukutani nje, nyumba ikitoa milio yake ya mbao.

"Bado nimekukasirikia," alisema Janelle. "Ili ujue tu."

"Najua."

"Kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Alipima kwa vidole viwili, akavisogeza, akavitanua tena. Kisha akamsukumia bakuli. Wesley akajipakulia mara ya pili, nyama na mchuzi hadi ukingoni, akala taratibu kama mtu ambaye haitwi popote.